Kibao cha Kwa Mwende

Eldoret, Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Huu ni mwezi wa nane tangu nitoke Marungu.

Mjukuu wangu Wakesho,

Natumaini mguu wa nyanya yako umepona na yule mbuzi amezaa. Mimi mgongo unauma, lakini kazi ya mjengo ipo, namshukuru Mungu.

Unasema kijiji chetu cha Kwa Mwende huko Marungu kinawekewa kibao cha jina, na vijana wanataka jina jipya kwa sababu Mwende alikuwa Mkamba wa kuja. Unauliza alikuwa nani.

Nikiwa kijana tulikata barabara inayopita hapo kijijini kwa majembe. Hapo palikuwa vichaka tu, hapakuwa na jina. Nyumba ilikuwa moja, ya Mwende. Kila mchana alituletea sisi vijana wa Kitaita maji aliyoyabeba mgongoni kutoka mbali.

“Nyinyi Wadawida mnakunywa kama ngamia!”

“Na wewe mama, ulifuata nini huku kukavu?”

“Niliwafuata nyinyi wenye kiu.”

Tulicheka, tukanywa tena. Jioni tuliagana, “Kesho kwa Mwende.” Jina likaanzia hapo. Duka, kanisa na shule vilikuja baadaye.

Waambie hivyo kabla kibao hakijapakwa rangi. Narudi wiki ya Krismasi. Pale Voi nitamwambia kondakta nashuka Kwa Mwende, na nataka anielewe.

Babu yako