Homa ya Kabula

Runzewe, Bukombe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada Salma ameniambia sasa unafika sokoni bila fimbo, nikafurahi. Mimi mwili mzima. Moyo ndio ulikuwa juu wiki hii, na kwa simu nisingeweza kukueleza.

Unajua kazi iliyonileta huku: tunazunguka shule za vijijini kuwatoa watoto damu kidogo, ili ijulikane wangapi wameshaambukizwa maradhi ya mbu, kupe, panya na mifugo. Jumatatu Kabula, binti wa darasa la nne, alininyooshea mkono bila kulia. Kesho yake homa ikampanda. Kufika Jumatano kijiji kizima kilisema sindano yangu ndiyo iliyomwingizia ugonjwa. Wengine wakasema damu tunawauzia wachimba dhahabu kwa mambo ya ushirikina.

Tulipofika kwao Kabula asubuhi hiyo, wanaume walilizunguka gari. Kiongozi wetu alinikataza kushuka. Nikashuka, Mama. Nikamwamkia Mama Kabula kwa Kisukuma changu kibovu, "Mwangaluka, mayu." Nikamwomba tumpeleke mtoto hospitali, nikamwambia sitabanduka mpaka apone. Akambeba mtoto wake, akapanda garini.

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari akaitazama damu kwenye darubini, akaona ni homa ya papasi, wale kupe wanaojificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuuma watu wakilala. Alitueleza wazi kwamba baada ya dawa homa ingeweza kupanda kwanza, ndipo ishuke. Hata hivyo, Kabula alipochomwa sindano na kuanza kutetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta, mama yake alinikamata mkono.

"Akifa, wewe hutoki humu," alisema. Hakupaza sauti.

Tulikaa vile vile, yeye kanishika, mimi kwa mkono mwingine namkanda mtoto kwa kitambaa cha maji. Alasiri jasho likamtoka Kabula, akafumbua macho, akauliza kwa nini tunamtazama. Ndipo mama yake akaniachia.

Jana tulirudi shuleni. Wazazi wengi walikuwa wamewazuia watoto wao. Mama Kabula akaingia uwanjani na mtoto wake mwingine, mdogo wa Kabula, mbele ya watu wote.

"Mpime na huyu," akasema. "Wanalala chini pamoja."

Nikafungua sindano mpya. Yeye akamshikilia mwanawe, akaninyooshea mkono wa mtoto.

Nisalimie Bibi, Mjomba Kombo aliyenisomesha, na Salma na wanawe. Usiniache kwenye dua zako.

Mwanao akupendaye,
Rehema