Mashine Isiyomjua Mkubwa

Kotagede, Yogyakarta
20 Aprili 2024

Mpendwa mwanangu Bagas,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Nimas. Kile kikohozi kimeisha? Sisi hatujambo. Magoti hunisumbua ninaposujudu, lakini chakula kinapita vizuri. Bude, mama yako mkubwa, analalamika kwamba kuku wake wa nazi wa Idi ameliwa na majirani kwa sababu wewe hukuja.

Najua unangoja jibu la Wening. Alikuomba umtafutie kazi huko Singapuri, ukahangaika ukaipata, kisha binti yangu akanyamaza. Ameniruhusu nikueleze, nami nimefurahi, maana kisa chenyewe kinanifikirisha hadi leo.

Unajua anashughulika na kompyuta za kampuni ya mabasi, upande wa tiketi zinazonunuliwa kwa simu. Zamani mkuu wake, Pak Hardjono, aliingia kwenye seva, zile kompyuta kuu, na kubadili kila kitu kwa mkono. Kitu kikiharibika, hakuna aliyejua nani aligusa nini. Wening akaleta utaratibu mwingine. Hali inayotakiwa huandikwa kwenye faili: programu gani iendeshwe, toleo lipi, nakala ngapi zifanye kazi kwa pamoja. Faili hizo hutunzwa mahali panapokumbuka kila badiliko, nani kalifanya na kwa nini, ili mambo yakienda kombo warudi kwenye maandishi ya jana. Anayetaka kubadili huandika, na mtu wa pili husoma na kukubali. Kisha ipo programu mlinzi. Hiyo hulinganisha maandishi na seva, na vikitofautiana, huirekebisha seva ifanane na maandishi.

Wewe ni mtu wa majengo, kwa hiyo nikupe mfano niliompa yeye: "Kama kile kidude cha friji kinachopima baridi?"

Akacheka. "Ndicho hicho, Bapak. Ukiacha mlango wazi joto likaingia, chenyewe kinairudisha baridi ulipoiweka."

Sasa basi, wiki ya watu kurudi makwao kwa Idi, tiketi zikawa hazinunuliki kwa sababu mitambo ilielemewa. Pak Hardjono, kwa kuwahurumia abiria, akaingia kwenye seva mwenyewe na kuongeza nakala za programu ya tiketi kutoka nne hadi kumi. Baada ya muda mfupi zikawa nne. Akaongeza tena, zikarudi tena. Akageuka, akamwona Wening kwenye kompyuta yake, akaamini kwamba ndiye anayeshusha anachopandisha yeye.

Hakufoka. Alianza kumsemesha kwa Kijava cha heshima, kile cha kusemezana na wageni: "Niwie radhi, Bi Wening, iwapo nakusumbua." Mzee mzima, kwa binti aliyezoea kumwita "we Ning"! Jioni ile tulipofuturu, Wening aliirudisha tende sahanini. "Amenifukuza, Bapak, ila hajatamka."

"Kwa nini usimwambie ni mlinzi wako?"

"Sungkan, Bapak. Nimwambie mkubwa kwamba mkono wake haufai?"

Ofisi nzima ilijua, na ofisi nzima ilikuwa na sungkan hiyo hiyo, haya ya mbele ya mkubwa. Nikamwuliza, "Kwani huyo mlinzi hajui nani mkubwa?"

"Anajua kilichoandikwa tu."

Alikwisha kuandika barua ya kuacha kazi. Bude wako akaisoma, akavua miwani. "Si unasema kwenu kila badiliko lazima mtu wa pili alikubali? Mimi nimelisoma hili. Nimelikataa."

Kesho yake Wening hakwenda kujieleza. Alimwomba Pak Hardjono aandike ile kumi kwenye faili kwa mkono wake. Akaandika. Ilipofika zamu ya msomaji wa pili, wote wakainamia kompyuta zao, kila mtu ghafla ana kazi. Wening akasoma. Mstari wa mwisho ulikuwa umeingia ndani nafasi moja zaidi, na mashine ingeuhesabu kuwa wa programu ya risiti.

Hapo ndipo ninapofikiria sana, Bagas. Mlinzi angetii hata kosa hilo. Seva anaweza kuirekebisha, lakini fikra za mwandishi hawezi. Kazi hiyo ni ya yule wa pili, na yule wa pili ana haya.

Wening akamrudishia faili. "Pak, mstari wa mwisho umezidi nafasi moja."

Pak Hardjono akasogeza pua hadi kwenye kioo. "We Ning! Nafasi moja tu, unanirudishia kama mtoto wa darasa la pili? Haya, ngoja nifute."

Akafuta, Wening akakubali, nakala zikawa kumi. Mzee akakaa anazitazama kama anayengoja wali uive. "Mbona hazishuki?"

"Kwa sababu umeandika, Pak."

Bado najiuliza: mambo yakiwaka moto, mkono uruhusiwe kutangulia, maandishi yafuate? Huko ofisini wanabishana, na Pak Hardjono ndiye mbishi kuliko wote.

Kwa hiyo washukuru wenzako, na nafasi ile apewe mwingine. Wening habanduki. Angekuandikia mwenyewe, ila mkuu wake amemletea badiliko jingine alisome, na nasikia analirudisha.

Nisalimie Nimas, na shangazi yako Sumiyem ukimpigia simu. Mungu awape afya na riziki yenye utulivu.

Wako akupendaye hata Idi usipokuja,
Baba yako mkubwa, Pakde Sudarmaji