Ng'ombe Mbili za Mboko

Baraka, tarehe 6 mwezi wa tatu 2023

Mama Merveille, bibi yangu,

Jambo sana. Afya ni gani huko Bukavu? Baridi haikuumize kifua? Siye hapa tuko bazima. Merveille anakohoa kidogo, lakini anakula bugali yake na kuomba ingine. Mama yangu anakusalimia. Naandika barua juu telefone yangu iliangukaka mu ziwa nikivuta wavu.

Sasa tuseme ya kweli. Dorothée, yule wa kuuzisha bitenge ku soko, alirudi toka Bukavu na picha mu telefone yake. Nilikuona. Uko unakula fritte za viazi na mwanaume wa lunette ku macho, unacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Mimi tangu uende sijacheka vile. Ni nani?

Moteri ya mutumbwi niliuzisha juu ya kulipa mwaka wako wa kwanza wa masomo. Leo navua kwa kasia kama babu yangu, na bavuvi benzangu bananiita "bwana ya docteur". Tena docteur gani! Hapa ulikuwa musaidizi wa munganga, unapima bagonjwa, unaandika dawa, bantu banakuheshimu. Unalipa masomo bei ya munganga mukubwa, utarudi na mushahara wa musaidizi. Nieleze hiyo hesabu.

Wivu? Ndiyo, niko na wivu. Sifiche.

Bwana yako,
Baba Merveille

Bukavu, tarehe 19 mwezi wa tatu 2023

Baba Merveille, mupenzi,

Salamu nyingi. Mi niko muzima, baridi nimeizoea. Mama naye, miguu yake imepona? Merveille umupe maji ya tangawizi na asali, usimupe dawa ya ku soko.

Barua yako ilinichekesha, kisha ikanikasirisha. Wa lunette ni Guy, tunasoma pamoja. Iko na bibi na batoto bane. Siku ile alikuwa ametoka kutetea kazi yake ya mwisho ya masomo mbele ya baprofesa, njo tukachanga fritte. We unaona jino, hauone njaa.

Mushahara hautapanda sana, ni kweli. Lakini mwenye iko na shahada ya dokotora njo atafundisha basaidizi ba Fizi yote kupasua mama mwenye mimba imemushinda. Dada yako Félicité alikufa na mimba yake juu ya pikipiki, njia ya Lulimba, juu hakukuwa mwenye kumupasua. Ni weye uliniambia siku ile: "Enda usome."

Imebaki makuta tu, feza ya kutetea kazi yangu. Mwisho ni tarehe 31 ya mwezi wa tano. Nikipitisha siku ile, nalipa tena mwaka muzima.

Bibi yako,
Mama Merveille

Baraka, tarehe 30 mwezi wa ine 2023

Mama Merveille,

Jambo. Huku salama, Merveille amepona. Lakini mi siko salama.

Siku ya Pasaka baba yako mudogo Jérémie alikuya toka Mboko. Alikula samaki yangu yote, akapanguza mudomo, akasema: "Casimir, mahari ya mutoto wetu haikuisha. Ulibakisha ng'ombe mbili. Tulikuvumilia juu alikuwa musaidizi tu. Docteur haiko bei ile. Mwanaume mwingine akileta ng'ombe, siye tutamufukuza namna gani?"

Tangu siku ile silale. Kila nikifunga macho naona lunette. Yule Guy, ng'ombe iko nazo? Bibi wa kwanza hajamuzuiaka mwanaume!

Nimeuzisha mutumbwi. Makuta yako ya kutetea iko mu sanduku.

Bwana yako, niseme tena, BWANA yako,
Baba Merveille

Bukavu, tarehe 22 mwezi wa tano 2023

Baba Merveille,

Salamu kwa bote. Makuta haijafika. Nauliza kila gari ya Uvira. Tafazali, tuma na Dieumerci, dereva wa kwetu Baraka. Mambo ya baba mudogo tutayamaliza nikirudi, yule anatafutaka kula tu.

Mama Merveille

Baraka, tarehe 4 mwezi wa sita 2023

Bibi yangu wa kweli,

Jambo, jambo sana! Leo afya yangu ni ya kijana.

Nilinunua ng'ombe mbili, nono kabisa, nikazipeleka Mboko mimi mwenyewe kwa miguu. Baba mudogo alizishika pembe, akaita bazee, bakakunywa, bakasema mbele ya bantu bote: mahari imeisha. Bamama bakapiga kelele za furaha. Sasa hata professeur akuje na lori ya ng'ombe, atarudi mikono mitupu.

Usikasirike. Masomo itangojea, ng'ombe hazingojee. Tutatafuta makuta ingine.

Bwana yako mbele ya Mungu na ukoo,
Baba Merveille

Bukavu, tarehe 20 mwezi wa sita 2023

Casimir,

Salamu. Natumaini Merveille iko muzima.

Barua yako niliisomea ku mulango wa bureau ya masomo, nimetoka kuomba banihurumie. Bamekataa. Jina langu bamelitoa ku orodha ya benye kutetea. Nililia pale pale, bantu banapita.

Miaka kenda nilikuwa wako bila zile ng'ombe. Nilikupikia, nilikuzalia, usiku wa baridi huku nilikataa banaume benye haubajue hata majina. Haukuona. Mutumbwi uliutoa juu ya muntu mwenye alikuwa wako tayari, na Félicité umemusahau.

Hospitali moja hapa imenipa kazi. Mwaka muzima nitajilipia mwenyewe. Mwezi wa saba, wenye tulipanga, sirudi. Uliogopa nibaki huku, na ni weye umenibakisha.

Mama amulete Merveille kwa boti ya siku ya ine ya juma. Nitabangojea Uvira ku bandari. Weye usikuje.

Émilienne