Sauti ya Dahabo Mwisho wa Kanda

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeficha faili moja. Ina sauti ya marehemu mke wangu, Dahabo. Wanangu wanaamini hakuna sauti yake iliyobaki. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo.

Leo nimehamisha kanda mbili tu kwenye kompyuta. Nyimbo za kaban, udi wetu wa Kisomali. Nahifadhi sauti nzima, bila kuibana. Faili ni kubwa, lakini hata mkwaruzo wa kanda haupotei.

Daktari hakunipangia tarehe ya kurudi.

Jumatano, 8 Oktoba

Hodan, kitindamimba wangu, amefika kutoka Elwak. Amekuja kunakili nyimbo zote kwenye diski mpya kabla sijaondoka duniani. Hasemi hivyo. Anasema, "Aabo, baba yangu, hii diski yako inakoroma kama ngamia mzee."

Alikuwa mchanga mama yake alipofariki. Hakumbuki sauti. Aliwahi kuniuliza, nikamwambia joto liliharibu kanda zote alizonitumia mama yake kama barua. Mwongo mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Stima imepotea mtaa wetu wote wa Waberi tangu adhuhuri. Kunakili kumekwama. Nilifurahi, na furaha hiyo imenitia aibu.

Zamani nilikuwa nikifundisha hapa Garissa, Dahabo yuko Hulugho na mifugo. Hakujua kuandika. Alizungumza kwenye kanda, akampa dereva wa lori la mbuzi. Watu wetu wengi walifanya hivyo. Unasikiliza, unarekodi jibu juu ya maneno ya mwenzako, unairudisha. Kanda moja ilikwenda na kurudi mpaka utepe unachoka.

Moja sikuirudisha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Stima ipo. Nilifungua faili ile ili niifute kabla Hodan hajaifikia. Nilishindwa.

Wimbo unaisha. Kisha Dahabo, sauti kavu ya mtu aliyeongea muda mrefu: "Basi, nimemaliza. Nirudishie kanda hii hii." Mbuzi analia nyuma yake. Kimya.

Hodan aliingia na chai akanikuta na machozi. Nilisema ni macho tu, yananisumbua.

"Macho gani hayo, Aabo, yanayouma ukivaa spika za masikioni?"

Chai ilipoa.

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi tulivu. Nimemsikilizisha Hodan faili ile.

Alirudia, akarudia tena, kichwa kimeinama. Hakulia. Alitabasamu kidogo kwa yule mbuzi. Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Aliuliza, taratibu, mama yake alikuwa akisema nini kabla ya hapo.

Nilimwambia. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameniazima nyimbo kwa siku moja. Sikuwa na kanda tupu. Ya Dahabo ilikuwa imefika asubuhi ile, iko mezani. Nilirekodi juu yake. Nyimbo hazikutosha kuijaza kanda hadi mwisho, ndipo kikabaki kile kipande.

Sijui alisema nini. Sikuwa nimeisikiliza.