Jina Linalosomwa Hadi Japani

Kasenga, Uvira

Mwanangu Irambona,

Minye niko mzima. Muhogo umeozea shambani Mutarule, vita imetuzuia kurudi.

Jana Délice, binti ya mdogo wangu, alinionyesha kwenye simu maandiko yako juu ya vile damu ya mutu inakumbuka kipindupindu. Akasema: «Mama mukubwa, wasomi zaidi ya elfu wamemutaja, hadi Japani!» Sahani ikaniponyoka. Kwetu, anayetajwa na watu wengi hivyo ni marehemu anayesomewa misa! Délice akacheka: «Yeye iko muzima! Kila anayetumia kazi yake lazima amutaje.» Nikapiga magoti, mwanangu. Damu uliyopima kwa watoto wa hapa Kasenga inafundisha dunia!

Kisha nikataka kuliona hilo jina. Nilizani ni Irambona, kumbe unaandika Ngendakumana, jina la baba yako. Weye unajua, siku alipouawa tulimuzika mbiombio. Padri alikuwa amekimbia, na mpaka leo hakuna misa aliyosomewa.

Basi andika tena, mwanangu. Andika sana, wamusome baba yako.

Mama yako,
Generose