Nani anakusubiri nyumbani?

Mwenzangu, uko wapi? Nimetoka ubalozini sasa hivi.

Nimejiaibisha. Afisa wa viza kaniuliza vizuri tu, "Kongamano la vijana wa kanisa likiisha, nani anakusubiri nyumbani?"

Nikamjibu, "Mama." Tena kwa kujiamini!!

Si unakumbuka tulivyokuwa tunafanya mazoezi jikoni? Mama anavaa miwani, anakaza uso, ananiuliza swali hilo hilo. Nikisema "mama yangu" anagonga meza kwa mwiko, "Viza umepata!"

Afisa akatazama fomu. Akatazama tena. "Dada, hapa umeandika mama ni marehemu."

Na nimeandika mwenyewe! Wiki tatu tangu tuzike, mdomo bado unasema mama ananisubiri.

Nikalia pale pale dirishani, foleni nzima inanitazama. Nikajua kashaninyima. Akaningoja nimalize, akasema taratibu, "Nenda ukamwombee huko. Umepata."

Umepata!!

Nikatoka mbio hadi getini, nikampigia mama kumpa habari.

Simu yake ikalia humu mkobani mwangu, ninayotembea nayo tangu msibani.