Bata wa Magara kwenye Mizabibu

Jumatatu, 6 Januari 2025
Konokono tena! Majani ya mizabibu yametobolewa kama chujio. Miaka kumi na minne ya ukimbizi, kabla ya kurudi kwetu hapa Magara, nilifanya kazi kwenye mashamba ya zabibu Dodoma, na sijawahi kudharauliwa na konokono namna hii. Mke wangu Eliana ameangalia, kisha akanikumbusha makubaliano: mavuno haya ya kwanza yasipofaa, mwisho wa Februari anang'oa yote anapanda mihogo. Nilikubali mwenyewe. Tena mbele ya binti yetu Bora! Mdomo uliponza kichwa.

Jumapili, 12 Januari
Nimepata dawa. Si ya dukani — bata! Dodoma bwana mmoja alikuwa akiwaachia chini ya mizabibu, wanakula konokono, mbolea wanaacha bure. Bora ameniambia Bugarama kuna mkulima mwenye bata, wembamba lakini wamezoea shamba. Wembamba! Nimechukua sita wa hapa Magara, kwa mvuvi wa chini ufukweni. Wanono. Mtaalamu huchagua kwa macho.

Jumanne, 14 Januari
Wamekula konokono asubuhi nzima. Nimesimama kuwatazama mpaka chai ikapoa. Raha! Eliana amesema tusubiri, hata bi harusi hufagia vizuri wiki ya kwanza.

Alhamisi, 23 Januari
Bata hawapo. Sita wote! Nimefuata nyayo — wamevuka barabara, wameteremka ziwani. Nimewakuta kwenye ndagala, dagaa wa hapa ziwani, za Fahima muuza samaki, zilizoanikwa mchangani. Wanakula taratibu, kama wako kwao. Kumbe wako kwao! Wamelelewa kwa ndagala tangu kutotolewa, Magara nzima inajua. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.
Nimeomba msamaha, nikataka kumlipa. Fahima amekataa.
“Muzee Karoli, franga zako sitaki. Ndagala yangu iko mu tumbo ya bata. Utakuja kunichungia ingine, siku tatu, mupaka ikauke.”

Jumamosi, 25 Januari
Siku ya pili ya adhabu. Nimekaa mchangani na fimbo, nafukuza kunguru. Wavuvi wakipita wananiamkia — amahoro, muzee wa bata. Mimi, mtaalamu wa zabibu! Nimeona aibu hasa.
Bata wamebaki na Eliana. Nimerudi nimekuta ameziba njia ya barabarani kwa matete. Asubuhi anawatoa na njaa, pumba wanapata jioni tu. Hakuniuliza. Eti wakishiba mapema hawafanyi kazi, kama watu fulani.

Jumanne, 11 Februari
Majani mapya! Konokono nimemtafuta kwa tochi, simwoni. Vishada vimeanza kuwa vyeusi. Naogopa kuandika zaidi, nisije nikavitia kijicho.

Jumatano, 26 Februari
Balaa. Vishada vyote vya chini vimeliwa. Si konokono — bata! Nilihesabu miguu yao mifupi, shingo nikazisahau. Vimebaki kumi na kimoja vya juu. Eliana amevitazama, kisha akaenda kunoa jembe. 

Ijumaa, 28 Februari
Siku yenyewe. Eliana ametoka na jembe, nimemfuata. Nimeanza kumweleza habari za msimu ujao, za kufunga matawi juu zaidi. Ameinua mkono, ninyamaze. Amenipa jembe nimshikie. Kachuma zabibu moja, kala. Ya pili. Mbegu anatemea kiganjani, hatupi.
Naandika nimekaa juu ya ndoo, jembe magotini. Nimeuliza, tamu? Amesema nisimharakishe. Ya tisa sasa!  Bata wamejipanga nyuma yake. Yule dume mkubwa amenyoosha shingo kwenye kishada alichokishika Eliana, naye amemsukuma kwa goti.
“Toka hapa. Hizi ni zetu.”
Jembe sijui niliweke wapi.